Shingo Haiponi kwa "Mguu Sawa" Peke Yake

Barabara kuu itokayo Musanze, kabla haijateremka kuelekea mji wa Rubavu na Ziwa Kivu, hupita katika tarafa ya Kanama. Mtu akisimama kando ya barabara hiyo asubuhi, karibu na soko la Mahoko, ataona kwa macho yake jinsi shingo ya binadamu inavyotumikishwa. Akina mama hupita na magunia ya viazi, vikapu vya karoti na mafungu ya kabichi vichwani, na baadhi yao wana watoto mgongoni katika mbeleko. Vijana huinama juu ya usukani wa baiskeli zilizosheheni mizigo. Wachuma chai wa upande wa Pfunda hufanya kazi wameinamisha vichwa tangu asubuhi. Karani naye huelekea ofisini kuikodolea macho kompyuta mpaka jioni, na askari aliyekesha lindoni hurejea nyumbani bunduki ikining'inia kwenye bega lile lile la siku zote.

Ifikapo jioni, watu hawa ambao kazi zao hazifanani hukutana katika lalamiko moja: shingo inauma. Mmoja humeza vidonge, mwingine humwita kijana mwenye nguvu amkande, na wa tatu hujikaza kiume na kunyamaza. Baada ya wiki mbili maumivu hurudi yale yale. Wala tatizo hili si la Kanama pekee. Hesabu za dunia nzima kwa mwaka 2020 zilionyesha kuwa watu zaidi ya milioni 200 walikuwa na maumivu ya shingo, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Tiba ya viungo, ambayo wataalamu huiita fiziotherapia, ina dawa isiyouzwa dukani, nayo ni kurekebisha mkao wa mwili pamoja na kuipa misuli ya shingo mazoezi. Dawa hii ni nafuu, lakini hutaka subira, na hutaka pia ieleweke sawasawa. Wengi wakiambiwa "rekebisha mkao wako" hudhani wameamriwa kusimama "mguu sawa" kutwa kucha. La hasha! Hilo ndilo kosa la kwanza tunalotaka kuliondoa.

SHINGO NA MZIGO WAKE

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi, yaani karibu sawa na mtungi mdogo wa maji. Mzigo huo hukaa juu ya pingili saba za shingo zilizopangwa moja juu ya nyingine. Baina ya pingili hizo kuna visahani vya gegedu vinavyopunguza mshindo, na pembeni hupita mishipa ya fahamu iendayo mabegani, mikononi na vidoleni. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa shingo huweza kuhisi ganzi kwenye kidole gumba, akadhani ugonjwa uko mkononi.

Kichwa kikiwa sawasawa juu ya mabega, misuli huhitaji nguvu kidogo tu kukishikilia. Kikitangulia mbele, misuli ya kisogoni hulazimika kukivuta kisianguke, mfano wa mtu aliyeshika ndoo ya maji. Akiikumbatia kifuani haimchoshi upesi, lakini akinyoosha mkono na kuishika mbali na mwili, mkono utatetemeka mara moja. Ndoo ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipo.

Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo huko Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta kukadiria jambo hili. Alikadiria kuwa kichwa kikiinama nyuzi 15, shingo hubeba nguvu ya kilo 12 hivi. Kikiinama nyuzi 30 hufika kilo 18. Na kikiinama nyuzi 60, kama mtu asomaye simu iliyo mapajani, hufika kilo 27. Hizo ni hesabu za mfano tu, si vipimo vilivyochukuliwa katika shingo za watu hai. Hata hivyo zinatuonyesha kwa nini misuli huchoka.

MKAO MWEMA NI UPI?

Zamani ilidhaniwa kuwa mkao ulionyooka ni kinga kamili, na mkao uliopinda ni ugonjwa. Utafiti wa miaka ya karibuni umetufundisha kuwa mambo si mepesi hivyo. Wapo watu wengi wenye mabega yaliyojikunja ambao hawaumwi kitu, na wapo waliosimama wima kama mwanzi ambao hawalali usiku kwa maumivu. Kinachoidhuru shingo zaidi ni kukaa katika mkao mmoja kwa muda mrefu bila kupumzika, hata kama mkao huo ni mzuri, au kubeba uzito uliozidi uwezo wa misuli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yashike mambo matatu yaendayo pamoja: mkao, muda na uzito. Mtu akirekebisha moja na kuyaacha mawili, hatapona. Askari aliyesimama wima kwa saa sita bila kujongea amerekebisha mkao, lakini amesahau muda. Mama atembeaye wima na gunia zito kichwani amerekebisha mkao, lakini amesahau uzito.

Mkao unaofaa kuanzia ni huu. Keti au simama uzito ukiwa sawa pande zote mbili. Nyoosha mgongo bila kuukaza. Legeza mabega yashuke, kisha yarudishe nyuma kidogo. Sikio likae takriban juu ya bega, na kidevu kisichomoze mbele wala kisielekee juu. Pumua kama kawaida. Ikiwa unajisikia umekakamaa, basi umezidisha. Baada ya dakika ishirini au thelathini badili: inuka, tembea hatua chache, geuza shingo, kisha urudi kazini.

MAMA NA MZIGO WA KICHWANI

Mwaka 1986 Profesa G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la sayansi la Nature uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kenya waliozoea kuchukua mizigo. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wabebao mizigo juu ya kichwa, na wa Kikikuyu, waibebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Wakakuta kwamba wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wenye uzito wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Ulimwengu ulistaajabu kuona kuwa mama wa Kiafrika ana ustadi ambao wasafiri wenye mikoba ya mgongoni hawakuwa nao.

Lakini ustadi wa kutembea hauondoi uzito unaoibana shingo. Madaktari waliochunguza kwa eksirei shingo za wabeba kuni wa Kongo, na kuchapisha matokeo mwaka 2002, waliona dalili za kuchakaa zaidi kwa wachukuzi kuliko kwa wasiobeba. Mama wa Kanama basi asidharauliwe wala asilaumiwe, kwa kuwa mzigo huo ndio karo ya shule na chumvi ya nyumbani. Tunachoweza kufanya ni kumpunguzia madhara.

Kipimo cha wale wanawake wa Kenya kinatufaa kwa mfano. Mama mwenye uzito wa kilo 60 akibeba kilo 12, yu ndani ya sehemu ile ya tano. Gunia la kilo 30 au 40 limevuka mbali. Kipimo hiki ni cha nguvu za mwendo, si hati ya usalama wa shingo. Lakini hutukumbusha kuwa safari mbili za mzigo mdogo ni bora kuliko safari moja ya mzigo mkubwa. Tena, kata ya kuwekea mzigo, ambayo Wanyarwanda huiita ingata, iwe nene na ikae katikati ya utosi ili mzigo usiegemee upande mmoja. Asijitwike peke yake kwa kuinua gunia kutoka chini huku ameipinda shingo; amwite jirani amtwike, na afikapo mlimani amtue, apumzike. Baiskeli ikiwepo nyumbani, au kijana mwenye mabega mapana, ni aibu gunia zito kuwa kichwani mwa mama. Na watoto wa shule wasitumwe maji kwa madumu yaliyo makubwa kuliko nguvu zao.

ASKARI NA POLISI

Kazi ya ulinzi ina mizigo yake. Kofia ya chuma au ya kivita huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, na uzito huo huongezwa juu ya kichwa chenye kilo tano. Askari asiilegeze kanuni ya kuvaa kofia, kwani ndiyo iokoayo maisha yake. Lakini mikanda yake ikazwe vizuri ili isiyumbe wala kuelemea mbele, na ivuliwe pale kamanda anaporuhusu.

Shanta ikae juu na karibu na mgongo, mikanda yote miwili mabegani na wa kifuani ukiwepo ufungwe. Vitu vizito viwekwe upande wa mgongoni, si upande wa nje. Bunduki ihamishwe kutoka bega moja kwenda jingine kila kanuni inaporuhusu. Aliye lindoni anaweza kujinyoosha bila kuacha zamu yake: ahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda ule, akusanye mabega nyuma mara tano, na ageuze kichwa polepole huku na huko, jambo ambalo mlinzi anatakiwa kulifanya hata hivyo ili aone pande zote. Polisi wa barabarani aepuke kugeuza shingo peke yake kwa nguvu. Ageuke kwa miguu na kifua.

Hatari nyingine iko katika saa za mapumziko. Askari huvua kofia, hujilaza kitandani, huegemeza kichwa ukutani na kutazama simu kwa saa mbili kidevu kikiwa kimegusa kifua. Shingo iliyofanya kazi usiku kucha hunyimwa hata hiyo nafasi ya kupumzika. Simu na iinuliwe ifikie usawa wa uso, na muda wake uwe na mpaka.

OFISINI NA NYUMBANI

Karani aweke kioo cha kompyuta mbele yake, ukingo wa juu ukiwa karibu na usawa wa macho. Hata vitabu vinene viwili chini yake vinatosha kukipandisha. Miguu ikanyage chini, na viwiko viwe na mahali pa kuegemea. Mama ajikuniaye karoti au aoshaye vyombo aketi kwenye kigoda cha kutosha na ainue beseni juu ya meza au jiwe pana. Anyonyeshaye mtoto amlete mtoto kwenye titi kwa mto au nguo iliyokunjwa, badala ya kuinama kumfuata.

Wakati wa kulala, mto mmoja unaojaza nafasi iliyo baina ya bega na sikio unatosha. Mito miwili mirefu huipinda shingo, na kulala kifudifudi huigeuza upande mmoja usiku kucha.

MAZOEZI

Mkao hauwezi kushikiliwa na misuli dhaifu. Mwaka 2007 Deborah Falla, Gwendolen Jull na wenzao wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya watu wenye maumivu ya shingo ya muda mrefu. Waliofundishwa kuimarisha misuli ya ndani ya mbele ya shingo kwa wiki sita waliweza zaidi kuudumisha mkao uliosimama walipokuwa wamekaa kwenye kompyuta. Mazoezi hayo na mengine yaliyozoeleka katika tiba ya viungo yanaweza kufanyika hata kwenye chumba kidogo cha kambini.

La kwanza: kurudisha kidevu. Keti, tazama mbele. Kirudishe kidevu nyuma moja kwa moja, kana kwamba mtu anakusukuma taratibu kwa kidole, bila kuinama wala kuinua uso. Shikilia kwa kuhesabu mpaka tano, kisha legeza. Fanya mara kumi.

La pili: kukutanisha mabega. Shusha mabega, kisha yavute nyuma hadi mifupa ya mabega ikaribiane. Hesabu mpaka tano. Fanya mara kumi.

La tatu: kuitikia "ndiyo". Lala chali bila mto au kwa kitambaa chembamba chini ya kichwa. Tikisa kichwa kidogo sana kama mtu aitikiaye, bila kukiinua kutoka chini. Hesabu mpaka kumi, upumzike. Fanya mara kumi. Misuli ya nje ya koo ikikakamaa, umetumia nguvu nyingi mno.

La nne: kusukumana na kiganja. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa kichwa huku mkono ukizuia, kichwa kisisogee. Hesabu mpaka tano. Rudia kisogoni na pande zote mbili, mara tano kila upande.

La tano: kugeuza shingo. Tazama polepole juu ya bega la kulia, kisha la kushoto, mara kumi, mpaka pale unapoweza bila kulazimisha.

Mazoezi haya yafanywe mara moja au mbili kwa siku. Uchovu kidogo wa misuli si neno. Lakini maumivu yakianza kushuka mkononi, au ganzi ikiongezeka, acha na uonane na mtaalamu. Usitarajie miujiza siku ya tatu. Hesabu wiki sita hadi kumi na mbili. Mwenzi wa nyumbani anaweza kuwa mkufunzi mwema. Mke akimwambia mumewe "Baba watoto, kidevu!", na mume akamkumbusha mkewe mabega yake, si ugomvi huo, bali ni tiba.

YA KUEPUKWA

Usimruhusu mtu asiye na mafunzo aizungushe shingo yako kwa ghafla mpaka ilie. Ni nadra, lakini mshipa wa damu uendao kwenye ubongo unaweza kuchanika, na mtu akapooza. Kukandwa taratibu kwa kitambaa chenye maji moto hakuna ubaya, nako huleta nafuu. Usijifunge kola ya shingo kwa majuma mengi pasipo amri ya daktari, kwa sababu misuli isiyofanya kazi hudhoofika. Wala usimeze vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenak kila siku kwa kujiamulia. Hutoboa tumbo na kudhuru figo. Kulala kitandani siku nyingi pia si dawa: endelea na shughuli nyepesi.

DALILI ZA HATARI

Yako maumivu ya shingo ambayo hayahitaji mazoezi bali hospitali, na kuchelewa kwaweza kugharimu maisha. Usingoje ikiwa maumivu yameanza baada ya kuanguka, ajali ya pikipiki au kipigo. Mgonjwa wa namna hiyo asiinuliwe ovyo wala kugeuzwa shingo. Usingoje ikiwa kuna homa na shingo imekakamaa, kwani huenda ikawa homa ya uti wa mgongo. Nenda upesi ikiwa mkono au mguu unapoteza nguvu, mwendo unayumba, vifungo vya shati vinakushinda, au haja ndogo inatoka bila kujua. Nenda ikiwa unakonda, unatoka jasho usiku na maumivu hayapungui hata ukilala. Kifua kikuu huweza kushika mifupa ya uti wa mgongo. Na maumivu yanayotoka kifuani kupanda shingoni au taya, pamoja na kuishiwa pumzi, yaweza kuwa ya moyo.

MAHALI PA KWENDA

Kwa mkazi wa Kanama, mlango wa kwanza ni kituo cha afya, akiwa na bima yake ya afya ya jamii. Kutoka hapo anaweza kupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Gisenyi. Askari na familia zao wanayo bima ya matibabu ya jeshi, MMI, iliyoanzishwa mwaka 2005. Haki hiyo itumike mapema, maana askari afichaye maumivu hadi mkono ulegee halitumikii jeshi wala hajitumikii mwenyewe.

Tiba hii si ngeni nchini. Kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Padre Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, kiliwaonyesha wengi kuwa viungo hufundishika. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanza mwaka 1996, ilifundisha wataalamu wa fiziotherapia, na tangu mwaka 2013 imo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Ukifika kwa mtaalamu, mweleze kazi yako jinsi ilivyo: unabeba nini, kilo ngapi, unasimama saa ngapi, unalalaje. Asipojua hayo atakupa mazoezi ya mtu mwingine.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja nyumbani na ajaribu zoezi la kwanza mara kumi. Kesho asubuhi, mzigo uendao sokoni Mahoko na ugawanywe mara mbili, na yule aliye karibu asimame amtwike mwenziwe.